Mpwa wangu hasomei kubeti

Mwezi uliopita kikundi cha WhatsApp cha ukoo wetu kilichemka siku mbili mfululizo. Mpwa wangu, anayesomea shahada ya uzamili ya hisabati katika chuo kimoja si mbali na Kisumu, alikuwa ametuma picha ya ukurasa wa kwanza wa pendekezo lake la utafiti. Pongezi zikamiminika. Kisha Baba Mkubwa wa Ugunja, ambaye hapitishi kitu bila kuvaa miwani, akasoma kichwa chote: njia za matingeli katika integrali singula. Akaandika: "Hii matingeli si ndiyo ile ya vijana wa bodaboda? Tuliuza ng'ombe ili mtoto aende kusomea kubeti?"

Nilicheka, halafu nikaacha, kwa sababu swali lina msingi. Neno ni lile lile kweli. Nilipojaribu kumjibu kwa ujumbe mmoja nikajikuta nimefika wa kumi na mbili. Haya hapa ni majibu yale, nimeyapanga kidogo.

Tuanze na matingeli ya Kondele, mtaa wa Kisumu. (Neno limetoka Ufaransa, msidhani ni wingi wa "tingeli".) Kijana ameegesha pikipiki steji, anasubiri abiria, na kwenye simu anacheza ule mchezo wa ndege. Anaweka dau la shilingi 50 akilenga kupata mara mbili. Akipoteza anaweka 100. Akipoteza tena, 200, kisha 400. Hoja yake inavutia: siku moja lazima ashinde, na ushindi mmoja tu unarudisha yote yaliyopotea na kumwachia 50 juu. Hesabu yake si ya uongo. 50 na 100 na 200 ni 350; dau la 400 likiingia, 350 imerudi na 50 imebaki.

Shida ni mfuko. Tuseme mchezo ni wa haki kabisa, kama kurusha sarafu ya shilingi 20: akitokea ndovu umeshinda, ikitokea ngao umepoteza. Na tuseme kijana ana pesa za kumtosha raundi 10. Kupoteza mara 10 mfululizo kunamgharimu shilingi 51,150. Hilo hutokea mara 1 katika 1,024. Mara zile nyingine 1,023 anaondoka na 50. Sasa zidisha: 1,023 mara 50 ni 51,150. Inatoshana hadi shilingi ya mwisho! Hakupata faida yoyote kwa wastani. Alichofanya ni kuchukua hasara zilizotawanyika na kuzirundika mahali pamoja, zimngoje. Na huo ni mchezo wa haki, ilhali mwenye mchezo wa simu hujikatia chake kwanza. Kuhusu ile imani ya "nimechapwa mara tano, ya sita ni yangu": sarafu haina kumbukumbu. Haijui kwamba umechapwa.

Mwaka 1939 Mfaransa Jean Ville alilichukua neno hilo la wacheza kamari akalipa kazi katika hisabati. Mmarekani Joseph Doob akalijengea nadharia nzima, aliyoikusanya katika kitabu chake cha 1953. Kwa wanahisabati, matingeli ni mfululizo wa namba wenye sharti moja: ukijua yote yaliyotokea mpaka sasa, wastani wa namba inayofuata ni ile ile uliyo nayo mkononi. Basi. Pesa za mtu anayecheza mchezo wa haki ni matingeli, abadilishe dau atakavyo. Kwa hiyo jina lililokuwa la mbinu ya kushinda limekuwa jina la kitu ambacho, ukiwa na mfuko wenye mwisho, hakishindiki. Na faida yake yote kwa mpwa wangu inatoka hapo hapo, kwenye kutoshindika.

Matingeli bila kamari

Chukua ukanda wa shamba wa ekari nne, kama yale ya Vihiga ambayo kila kizazi huyakata katikati. Shamba zima limetoa wastani wa magunia 15 ya mahindi kwa ekari. Ukilikata nusu kwa nusu, upande wa kushoto una wastani wa 10, wa kulia 20. Kata tena: kushoto panatoka 6 na 14, kulia 12 na 28. Angalia kila wastani na watoto wake wawili: 10 na 20 wastani wake 15, 12 na 28 wastani wake 20. Ukirusha sarafu kuamua uingie nusu ipi, kisha nusu ya nusu, namba unazokutana nazo njiani ni matingeli. Hakuna aliyebeti. Ni shamba tu, na mtu anayelitazama kwa karibu zaidi kila hatua.

Kila hatua ina tofauti yake. Kutoka 15 unapanda 5 au unashuka 5. Kutoka 20 unapanda 8 au unashuka 8. Mwaka 1909 Alfred Haar, kutoka Hungaria, alionyesha kwamba grafu inaweza kujengwa upya kwa kujumlisha tofauti kama hizi, kubwa kwanza, ndogo baadaye. Shikilia hilo. Tutalirudia.

Sasa lile neno la pili. Integrali ni kujumlisha vipande vingi vidogo sana. Hilo wengi wetu tulilipitia sekondari na kulisahau kwa furaha. "Singula" hapa si ule umoja wa sarufi ya Kiingereza. Inamaanisha kuna nukta ambapo hesabu inataka kulipuka.

Simama katikati ya soko refu lililopangwa kando ya barabara, tuseme la kilomita moja. Kila muuzaji anakuita. Wa umbali wa mita moja anakuvuta kwa nguvu 1. Wa nusu mita, nguvu 2. Wa sentimita 10, nguvu 10. Wa sentimita moja, nguvu 100. Kanuni ni moja gawanya kwa umbali. Walio kulia wanakuvuta kulia, hesabu yao ni ya kujumlisha. Walio kushoto ni ya kutoa. Ukiwajumlisha wa upande mmoja peke yao, jumla haina mwisho, kwa sababu wauzaji wamejazana mpaka kwenye viatu vyako. Lakini wa kulia na wa kushoto wanafutana, na unabaki umesimama. Mashine hii inayopokea grafu (nani anauza nini wapi) na kutoa grafu nyingine (ukisimama hapa, unavutwa kiasi gani) inaitwa mageuzi ya Hilbert, kwa jina la Mjerumani David Hilbert. Ndiyo integrali singula iliyo nyepesi kuliko zote. Mafundi wa redio huitumia wanapotaka kurusha sauti kwa nusu ya nafasi ya masafa.

Sogea sasa mwisho wa soko, mita moja tu kabla ya kibanda cha mwisho. Kushoto kwako kuna mita 1 ya wauzaji, kulia mita 999. Wa mita ile moja wanafutana na wenzao, waliobaki wote wanakuvuta kulia, na jumla yao ni logi asilia ya 999, karibu 7. Sogea hadi milimita moja kutoka ukingoni: jumla ni karibu 14. Umekaribia ukingo mara elfu, mvuto umeongezeka maradufu tu. Unapanda polepole, 0.69 kila umbali unapopungua nusu, lakini haukomi. Hakuna muuzaji hata mmoja aliyezidisha sauti, na bado ukingoni mvuto hauna kikomo.

Swali lililowasumbua watu ni hili: mashine hii inaweza kuikuza grafu kiasi gani? Ukipima ukubwa kwa kilele, jibu ni baya, tumeliona sasa hivi. Lakini unaweza kupima kwa njia nyingine: pandisha kila thamani kwenye kipeo fulani, cha pili (namba mara yenyewe), cha nne (mara yenyewe mpaka ziwe nne), kisha jumlisha. Katika miaka ya 1920 Marcel Riesz alithibitisha kwamba kwa kipeo chochote kinachozidi 1 mashine ina adabu: inachotoa hakizidi ilichopewa mara kiasi fulani kisichobadilika.

Wacheza wawili

Hapa ndipo ninapopapenda, na ndipo nilipomwambia Baba Mkubwa achukue kalamu.

Mchezaji wa kwanza anaanza na shilingi 200. Akitokea ndovu anapata 100, anafika 300. Ikitokea ngao anapoteza 100 na anaenda nyumbani. Akiwa na 300 anageuza dau: ndovu anampotezea 100, anarudi 200 na kuendelea, ngao inampa 100, anafika 400 na kwenda nyumbani. Kisha anaanza tena kama mwanzo. Mchezo ni wa haki, na pesa zake hazishuki chini ya 100 wala kupanda juu ya 400 hata sarafu ifanye nini.

Mchezaji wa pili anatumia sarafu ile ile na madau yale yale ya 100, ila katika raundi za pili, nne, sita anageuza alama: pale mwenzake anapojumlisha, yeye anatoa. Fuatilia uone. Kila akitokea ndovu anaongeza 100, mpaka ngao ya kwanza imtoe. Ndovu akija mara 10 mfululizo, yeye ana faida ya 1,000 huku mwenzake bado anazunguka kati ya 200 na 300. Uwezekano wa hilo ni 1 katika 1,024. Kila uwezekano unapopungua nusu, faida inapanda 100.

Umeona? Sokoni: kila umbali unapopungua nusu, mvuto unapanda 0.69. Kwenye sarafu: kila uwezekano unapopungua nusu, faida inapanda 100. Kilichoingia kina mipaka, kilichotoka hakina, na kinatoroka kwa mwendo ule ule. Kugeuza alama za hatua za matingeli ni ndugu wa damu wa mageuzi ya Hilbert.

Na adabu yao ni moja pia. Pima faida na hasara kwa kipeo cha pili, ukihesabu kwa mia-mia. Mchezaji wa kwanza anamaliza na hasara ya 1 kwa uwezekano wa theluthi mbili, au faida ya 2 kwa uwezekano wa theluthi moja. Wastani wa vipeo vya pili: theluthi mbili ya 1 na theluthi moja ya 4, jumla 2. Wa pili, ukimfanyia hesabu yake ndefu zaidi, unapata 2 vile vile. Si bahati. Katika mchezo wa haki hatua za raundi tofauti hazishirikiani kwa wastani, kwa hiyo vipeo vya pili vinajumlishwa kila kimoja peke yake, na alama ya kutoa ikipandishwa kipeo cha pili inapotea. Kwa kipeo cha nne hawalingani tena: wa kwanza anapata 6, wa pili 38.

Mtu aliyeweka mipaka hapo ni Donald Burkholder wa Chuo Kikuu cha Illinois. Mwaka 1966 alithibitisha kwamba kugeuza alama kuna adabu kwa kila kipeo kinachozidi 1, vipeo vile vile vya Riesz. Mwaka 1984 akatoa kiasi chenyewe, kisichoweza kupunguzwa. Kwa kipeo cha nne ni 3, yaani wastani wa vipeo vya nne hauwezi kukua zaidi ya mara 81 (3 × 3 × 3 × 3). Wachezaji wetu wamekua mara 6 na kidogo; wako ndani ya sheria kwa mbali.

Kwa nini mtu ahangaike kupitia kamari wakati Riesz alishamaliza? Kwa sababu njia ya Riesz ilitegemea namba changamano na ilifaa mstari mmoja tu. Ukitaka kufanya kazi kwenye uwanja mpana, au kwenye nafasi ya vipimo vitatu, inakataa. Waliofungua mlango huo ni Alberto Calderón na Antoni Zygmund mwaka 1952. Calderón alikuwa mhandisi wa ujenzi kutoka Argentina. Zygmund alimkuta Buenos Aires akampeleka Chicago. Ujanja wao uko kwenye shamba letu. Weka kiwango, tuseme magunia 18 kwa ekari. Shamba zima lina 15, halijavuka, kata. Nusu ya kulia ina 20: imevuka, simama hapo, usiikate tena. Nusu ya kushoto ina 10, endelea kukata. Kila kipande ulichosimama kimevuka 18 lakini hakiwezi kuzidi 36, kwa sababu mzazi wake hakuwa amevuka 18 na nusu haiwezi kuwa na wastani unaozidi mara mbili ya mzazi. Kwa njia hiyo sehemu zenye fujo zinatengwa katika vipande vinavyojulikana, na kilichobaki ni kipole. Ni sheria ya mchezaji anayejiambia "nikifika kiasi fulani naondoka", na Doob alikuwa anazijengea nadharia sheria za namna hiyo katika miaka ile ile.

Mtumbwi na mipaka ya mashamba

Kuna daraja la pili kati ya kamari na integrali singula, nalo linapita ziwani. Lifikirie Nam Lolwe (Ziwa Victoria) kuwa la mviringo kamili, na kila mahali ufukweni pana namba, tuseme joto la mchanga. Mtumbwi hauna kasia wala injini, unapeperushwa ovyo mpaka uguse ufuko, na hapo unasoma joto. Kwa kila mahali ziwani uliza: mitumbwi ikianzia hapa, wastani wa joto litakalosomwa ni ngapi? Namba hiyo, mtumbwi unaposogea, ni matingeli. Mjapani Shizuo Kakutani alilieleza jambo hili mwaka 1944. Sasa mweke mchezaji wa pili ndani ya mtumbwi ule ule. Kila hatua ndogo, badala ya kulipwa kwa upande ambao wastani huo unapanda, analipwa kwa upande uliogeuzwa nyuzi 90. Mtumbwi ulioanzia katikati ya ziwa ukigusa ufuko, jumla ya malipo yake ni jibu la mageuzi ya Hilbert mahali hapo, katika umbo lake la duara, bila kubakiza. Kwenye vipimo vingi zaidi inabidi uchukue wastani wa mitumbwi yote iliyofikia mahali pamoja. Hilo Richard Gundy na Nicholas Varopoulos walilionyesha mwaka 1979. Na kwa kuwa kuchukua wastani hakukuzi kitu, mipaka aliyoiweka Burkholder kwa wacheza kamari inavuka nao daraja.

Lakini kukata shamba nusu kwa nusu kuna kasoro ambayo mtu yeyote wa huku kwetu anaijua: mpaka. Majirani wawili wanaweza kutenganishwa na ua wa hatua moja, lakini kwa hesabu ya ukataji wako mbali sana, kwa sababu ua huo ndio ulipita katikati ya shamba la babu. Kila mmoja yuko kwenye ukoo wake. Sokoni hakuna ua kama huo. Umbali ni umbali. Mwaka 2000 Stefanie Petermichl alitatua hilo kwa wazo ambalo ukishalisikia unajiuliza lilichelewa wapi. Chukua mashine nyepesi: tofauti ya shamba kubwa inapokezwa watoto wake wawili, mmoja kwa kujumlisha, mwingine kwa kutoa. Kisha sogeza ramani nzima ya mipaka kushoto au kulia, ivute au ibane, fanya tena, na uchukue wastani wa ramani zote zinazowezekana. Nyua zinafutika. Kinachobaki ni mageuzi ya Hilbert yenyewe, ukizidisha kwa namba moja tu. Mwaka 2012 Tuomas Hytönen wa Finland alichapisha uthibitisho kwamba integrali singula zote za ukoo wa Calderón na Zygmund zinaandikika kwa wastani wa aina hiyo.

Bado kuna mambo. Mwaka 1982 Tadeusz Iwaniec alikisia kikomo cha integrali singula moja maarufu ya kwenye uwanja, ile ya Beurling na Ahlfors, na namba aliyokisia ni ile ile ambayo Burkholder aliipata kwa wacheza kamari: kwa kipeo cha nne, 3. Inajulikana haiwezi kuwa chini ya hapo. Kwa juu, Rodrigo Bañuelos na Gang Wang walifika mara 4 ya namba hiyo mwaka 1995, na mwaka 2008 Bañuelos na Prabhu Janakiraman wakaishusha hadi mara 1.575, safari zote mbili kwa njia ya matingeli. Mpwa wangu ananiambia kona yake ya utafiti iko karibu na hapo, ila ni ndogo sana na nisiwatangazie watu. Samahani, nimetangaza.

Baba Mkubwa alisoma zile jumbe zote. Najua, kwa sababu alama mbili za buluu zilitokea moja baada ya nyingine hadi saa tano usiku. Asubuhi akajibu: "Sawa mwanangu, nimeelewa hasomei kubeti. Lakini huyo wa pili, anayeongeza mia mia, alianza na ngapi?"

Nikamjibu: mia mbili, kama mwenzake, na nusu ya mara anazocheza sarafu ya kwanza tu inamrudisha nyumbani na mia moja.